Maji Niliyoyanyima Dawa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kurehemu, Ajuaye yaliyomo vifuani kabla ndimi hazijayapamba. Sala na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Kwa mke wangu, Mama Rukia, uliyelazwa Koboko ubavuni mwa mama yako.

Amani iwe juu yenu, enyi watu wa makaburini. Mmetutangulia, nasi tutawafuata. Salamu hizi nimekuletea mara nyingi nikiwa nimesimama miguuni pako, kisha nikasoma nilichojaliwa kusoma, nikageuka nikarudi Arua. Kila mara niliondoka na neno ambalo sikulisema. Leo naliandika, na naliandika mbele za watu, kwa sababu binti yetu amenitaka hivyo, naye ana haki.

Siku ya msiba wako Rukia alisimama katikati ya wanawake akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mkeka wa wanaume: "Mama nimemuua mimi. Kile kitu nilileta mimi." Hakuna aliyemkanusha. Yule aliyeweza kumkanusha alikuwa ameketi mbele, akipokea mikono ya rambirambi. Alikuwa mimi. Mwaka mzima binti huyu amebeba mzigo usio wake, nami nimemtazama akiubeba. Barua hii ni ya kumtua. Imamu wetu Habibu ataisoma msikitini Ijumaa hii baada ya sala, lakini haki ya kuisikia kwanza ni yako.

Unakumbuka magoti yako. Unakumbuka msimu ule wa mvua ambapo ulikuwa ukiamka kwa kushika ukuta, kisha kitasa cha mlango, kisha bega langu. Kila asubuhi uliteleka sufuria juu ya sigiri, ukamimina maji moto katika beseni la plastiki, ukatumbukiza miguu mpaka vigimbini, na maji yakapoa kabla maumivu hayajapoa. Ulikuwa umekwisha kuacha kusujudu. Ulisali juu ya kiti, ukiinamisha kichwa, na ukimaliza ulikunja uso.

"Mimi naona haya, Mwalimu," uliniambia. "Nasali kama mutu ya ofisi."

Nilikujibu kwamba Mungu haitwishi nafsi isipokuwa iwezalo. Hukunipinga. Ulisema tu kwamba unataka kabla ya kufa uguse ardhi kwa paji la uso, mara moja, kama watu.

Rukia alikuja Idi akakukuta na beseni lako. Wewe unajua kazi yake, lakini watakaosikia barua hii huenda wengine hawaijui: alikuwa akisimamia bwawa la kuogelea la hoteli moja kule Kampala, na mambo ya maji, pampu na dawa zake ameyasomea. Alikaa akakutazama, kisha akasema atatuletea jakuzi. Ukauliza, iko nini hiyo? Akakueleza kwamba ni beseni kubwa la kukalia watu wanne, maji yake hupashwa moto na kubaki moto, na lina matundu yanayoyasukuma mwilini kama mikono inayokanda. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukacheka.

"Kumbe ni dukhan ya maji."

Nilitabasamu nami, kwa maana niliikumbuka dukhan yako ya ujana, lile shimo la makaa ya kuni za mgunga ambalo wanawake wa Kinubi hulikalia wakiwa wamejifunika shuka, wakatoka na moshi umekaa katika ngozi. Harufu ile ilikaa nawe miaka yote. Sikuwahi kuisemea neno baya. Jambo hili nakuomba ulishike, kwa maana nitalirudia.

Mimi sikuwa mtu wa kukubali upesi. Niliuliza kama huo si ufujaji. Niliuliza habari za umeme, na Rukia akanijibu kwamba sasa umeme umetulia Arua, si ule wa zamani wa saa chache na kelele za jenereta. Niliuliza kama mambo haya hayawastahili matajiri peke yao. Ukanikata: "Goti ya maskini haiumi?" Basi tukafunga safari, sisi watatu, mpaka Kampala, tukachague kwa macho yetu.

Safari ile ndiyo furaha yangu ya mwisho iliyo safi, na ndiyo maana naiandika kwa urefu. Dukani yalikuwapo mabeseni ya kila namna. Palikuwa na lile la kupuliza, laini kama tairi, na muuzaji akalisifu kwa unafuu wake. Rukia akatikisa kichwa: "Baba, hiyo itapasuka kabla ya Ramadhani." Akatuonyesha lililo na ganda nene, lililojazwa sifongo ngumu upande wa chini ili joto lisitoke. Akanyanyua kifuniko tukakipima uzito, akaeleza kwamba kifuniko chepesi ni kama blanketi lenye matundu. Akamtaka muuzaji afungue ubavu wa beseni, akachungulia pampu na chujio, akauliza vipuri vinapatikana wapi. "Kitu kizuri si kile kinachong'aa dukani," aliniambia. "Ni kile ambacho fundi wa Arua anaweza kukifungua na kukifunga tena."

Wewe ulikuwa na elimu yako mwenyewe. Uliyapita moja baada ya jingine ukiyagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama ugongavyo vyungu sokoni. Muuzaji alikutazama kwa mshangao.

"Chungu mbaya inajisema yenyewe," ulimwambia.

Lile alilolichagua Rukia ndilo uliloligonga ukanyamaza, ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ukavua kandambili, ukazishika mkononi, ukapanda ukaingia ndani yake likiwa kavu, na gurbaba yako, shuka yako ya kujifunga, ukaikusanya magotini. Kiti cha kwanza miguu yako haikufika chini. Cha pili pia. Cha pembeni kikakupokea sawasawa, ukaegemea kama mtu aliyefika kwake.

"Mwalimu, unaniona? Iko nafaa?"

Watu walikuwa wakitutazama. Nikageuza uso nikajifanya nasoma karatasi ya dhamana.

"Muone," ulimwambia Rukia. "Mtoto nimemzalia, leo anaona haya."

Swali langu mimi kwa muuzaji lilikuwa moja tu: linachukua maji kiasi gani? Alidhani naogopa gharama. Sivyo. Nilikuwa na kitabu kichwani. Wanafunzi wangu wanajua, na wasiojua nitawaeleza: katika mlango wa twahara yako maji machache na maji mengi. Mpaka wake ni kulatayni, kadiri ya pipa moja kubwa na ziada kidogo. Maji yakipungua hapo, najisi ndogo huyaharibu. Yakifika hapo au kuzidi, hayaharibiki mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Beseni lile lilichukua mapipa matano. Nilihesabu, moyo ukatulia. Nilijiona mtu wa pekee katika duka lile aliyejua kuchagua.

Lilipofika Arua, lori halikuweza kuingia uani. Vijana wa Onduparaka, wale wasioisha kuzungumza mpira, wakalibeba mabegani wakalipitisha juu ya ukuta. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, tukifungwa Jumapili tunakuja kukanda miguu hapa." Ukamjibu kutoka jikoni bila kutoka: "Mkifungwa mtakuja kufua jezi." Walicheka nusura waliangushe.

Tukaliweka nyuma ya nyumba juu ya sakafu ya saruji, tukalizungushia mabati kwa ajili ya sitara. Rukia akakaa nasi siku mbili akinifundisha. Dawa ya unga, klorini, kijiko kimoja kila baada ya siku mbili. Vijikaratasi vya kuchovya majini vinavyogeuka rangi, kuonyesha kama dawa inatosha. Chujio lioshwe kila juma. Akayaandika yote kwa mkono wake, akabandika karatasi juu ya kifuniko. "Hii, Baba, ndiyo roho ya kitu hiki. Mengine yote ni sanduku." Kisha akapanda basi.

Mama Rukia, sasa nafika mahali ambapo kalamu ni nzito.

Juma la kwanza lilikuwa na dawa. Ulitoka majini mchana mmoja, uso umefunguka, na adhana ya alasiri ikasikika. Kuinama kwenye birika kulikuwa adhabu kwako. Ukaniuliza, ukiwa umeketi ukingoni: "Mwalimu, maji hii inafaa udhu? Nitawadhe humu humu nisihangaike?"

Nia yangu ilikuwa njema, na nasema hivi si kwa kujitetea, kwa maana nia njema niliibeba kama mtu abebavyo cheo. Niliinama nikanusa. Yalikuwa na harufu ya dawa. Nikakuambia ungoje nisome. Nikafungua kitabu changu cha fikihi, kile nilichosomea pwani nikiwa kijana, nikarudi na hukumu: maji yaliyogeuzwa harufu na kitu kilichochanganywa humo hayawi tena maji mutlaki, yaani maji matupu yenye kutwaharisha, na udhu wake una shaka. Nikayamwaga yote. Nikalijaza beseni kwa maji ya mvua kutoka tangi letu, safi, yasiyo na kitu. Mapipa matano. Nikasema maji mengi namna hii yanajilinda yenyewe. Karatasi ya Rukia nikaibandua kutoka juu ya kifuniko, nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu kwenye ukurasa ule ule.

Habibu alisikia. Unamjua Habibu, aliyekaa mbele yangu akiwa hajui alifu, na leo ndiye imamu wetu. Akaja jioni, akaketi chini kama zamani.

"Mwalimu," alisema, "mabadiliko madogo hayadhuru, maadamu watu bado wanayaita maji. Na maji ya bomba tunayotawadhia kila alfajiri, wameyatia dawa hiyo hiyo."

Nikamuuliza: "Mlango huu umeusoma kwa nani?"

"Kwako, Mwalimu."

"Basi rudi ukausome tena."

Akanibusu mkono, akaondoka. Alikuwa amesema kweli, na nilijua alipokuwa bado anasema. Lakini kukubali kungekuwa kuyamwaga maji mara ya pili, mbele yako, kwa neno la mwanafunzi.

Rukia alipiga simu kila Ijumaa. "Baba, karatasi inaonyesha rangi gani?" Nikamjibu: "Rangi nzuri." Vijikaratasi vilikuwa kabatini, kopo halijafunguliwa. Mara nyingine nilisema, "Mambo yanakwenda kwa utaratibu wake." Nimewafundisha watoto wa Arua miaka mingi kwamba uwongo ni alama ya mnafiki. Nilikuwa nikiifunga simu ile na kwenda darasani.

Kisha ikaja siku ile. Juma la tatu, adhuhuri. Nilikuwa nimesimama mbele, wewe nyuma yangu. Niliposujudu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, sauti ya magoti yako yakigusa msala. Nilirefusha sijida ile kupita kiasi. Tulipotoa salamu ulikuwa ukilia, na alama ya nyuzi za msala ilikuwa katika paji la uso wako. Hukuweza kusema. Mimi niliweza, na nilichosema ni hiki: "Unaona baraka ya maji yasiyochanganywa?"

Joto ndilo lililokuinua. Joto, na mikono ya maji, na kiti cha pembeni ulichokichagua mwenyewe. Mimi nikaichukua heshima ile nikaivisha hukumu yangu.

Siku chache baadaye ulitoka ukijipangusa mkono kwa mkono.

"Mwalimu, maji hii iko nateleza."

Nikauliza kama rangi imebadilika. Ukasema hapana. Harufu? Hapana, labda kidogo kama tangi. Ladha? Ukanitazama.

"Nani anakunywa?"

"Basi ni twahara," nikasema, na nikakutajia mlango na ukurasa.

"Mimi sijauliza kitabu," ulisema. "Nauliza wewe uguse. Kuta yake iko kama samaki. Tia mkono."

Nilikuwa na darasa. Sikutia mkono. Ulicheka kidogo, ukasema neno lako la siku zote, kwamba Kiswahili changu cha pwani ni kizuri lakini kikifika chakula kimepoa. Ukaingia tena siku iliyofuata, na iliyofuata, kwa sababu mumeo amesema.

Homa ilianza kama mafua. Kisha kikohozi, kisha kifua, kisha ukawa huwezi kumaliza sentensi. Tukakupeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana wa Kilugbara, mpole, mwenye kuuliza kwa makini. Aliuliza habari za vumbi, za moshi wa jikoni, za safari. Nikataja beseni mwenyewe, kama kitu cha kujivunia. Akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Mzee, hiyo maji iko na mvuke? Na mnatia dawa?"

Nilifungua mdomo. Na wewe, uliyekuwa na mpira wa hewa puani, uliyekuwa ukizihesabu pumzi zako, ulizitumia hizo chache kunifunika.

"Iko natia, daktari. Mzee yangu iko mwangalifu sana."

Daktari akaandika. Ulinitazama, na jicho lako halikuwa na lawama, na hilo ndilo ninaloliona kila nifungapo macho. Ulijua kwamba sitii dawa. Ulijua tangu siku karatasi ilipotoka kwenye kifuniko. Uliogopa niaibike mbele ya msichana anayeweza kuwa mjukuu wetu, basi ukaninunulia heshima kwa pumzi zako, nami nikaipokea.

Siku mbili niliipokea. Siku ya tatu nilirudi kwa daktari peke yangu, nikamwambia ukweli nikiwa nimesimama. Hakunikemea. Alisema kwamba maji ya moto yasiyotiwa dawa huzaa vijidudu, na mvuke wake huvipeleka kifuani, na kwamba ugonjwa huo una dawa yake. Akabadilisha tiba yako saa ile ile. Nikamuuliza kama siku mbili zile zilikuwa na uzito. Akasema, "Sijui, mzee. Kifua yake ilikuwa dhaifu tangu zamani. Kweli sijui." Nilimwomba asimwambie mtu. Akanitazama kwa namna ambayo wazee hawatazamwi, akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Ulifariki siku ya tisa kabla ya adhuhuri. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Walikuosha nyumbani, uani, nyuma ya mabati yale yale, kwa sababu ndipo palipokuwa na sitara na sakafu yenye kupitisha maji. Dada yako alikuja kutoka Koboko kukuosha pamoja na wanawake wengine. Mimi nilisimama nje ya pazia nikipitisha kilichohitajika. Maji ya uvuguvugu. Majani ya mkunazi yaliyopondwa. Kisha sauti ya dada yako:

"Shemeji, kafuri iko wapi?"

Nilikuwa nimeishika. Niliisaga mwenyewe kwa vidole, nikaitia katika ndoo ya mwisho, nikakoroga. Harufu ikapanda, kali, safi, ikajaza ua wote. Ndivyo sunna ilivyo. Katika josho la mwisho la maiti hutiwa kafuri kidogo majini, na kitabu kinachosema hivyo ni kile kile changu, mlango wa mbele kidogo. Nilisimama pale na unga wa kafuri vidoleni, na akili yangu, iliyozoea kuhukumu, ikatoa hukumu yake ya mwisho bila kuulizwa. Maji ya uhai wako niliyanyima dawa kwa ajili ya harufu. Maji ya mauti yako nikayatia harufu kwa mkono wangu. Na moshi wa dukhan uliokaa katika ngozi yako maisha yote, ambao sikuwahi kuutafutia ukurasa, ulikuwa unaoshwa nao.

Nilichanganya twahara na usafi, Mama Rukia. Twahara ni haki ya Mungu katika maji. Usafi ni haki ya mwili wako. Nililipa ile moja na kuidhulumu hii nyingine, kisha nikaiita dhuluma hiyo ucha Mungu.

Baada ya msiba Rukia aliacha kazi yake. Alisema kila akisikia harufu ya bwawa anamwona mama yake. Ulipokuwa bado hospitalini, aliposikia jina la ugonjwa, alilaumu kwanza chujio, akidhani lilikuwa na kasoro. Kisha akamlaumu muuzaji. Kisha akajilaumu yeye na akabaki hapo. Alinipigia simu akisema, "Baba, livunje lile beseni. Kwa nini nilichagua lile?" Beseni alilolichagua halikuwa na ila yoyote. Pampu yake ilikuwa nzima, joto lake lilikuwa sawasawa, ganda lake hata leo halina ufa. Nilimjibu: "Subiri, mwanangu. Mungu ndiye mpangaji." Nikaliweka jina la Mungu mbele ya jina langu kama ngao.

Alikuja kwa ajili ya hitima ya mwaka. Wageni walipoondoka nilimwita chumbani mwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yenye utangulizi. Niliyaacha yote. Nikafungua kitabu, nikatoa karatasi yake, nikampa.

Aliikunjua. Aliigeuza upande wa pili, akapitisha kidole juu ya wino wake.

"Karatasi hii haijalowa, Baba."

"Haijalowa," nikasema. "Haikukaa juu ya kifuniko majuma mawili."

Nikamweleza yote: kulatayni, na Habibu, na utelezi, na swali la daktari, na jibu lako. Nilipofika kwenye jibu lako alikaa chini. Hakulia. Nilingoja alie, ningejua la kufanya.

"Mwaka mzima, Baba," alisema. "Umeniacha niibebe mwaka mzima."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ni jambo la baadaye, hajui ni lini. Lakini alisema kitu kimoja anakitaka sasa. Alijitangaza muuaji mbele za watu, na anataka watu wale wale wasikie kwamba si yeye. "Wasisikie kutoka kwangu. Kutoka kwako. Na Habibu asome."

Kisha akaenda uani. Akafungua kifuniko, akamwaga maji yaliyokaa humo mwaka mzima, akasugua kuta, akalifungua chujio akalitoa likiwa jeusi, akalitupa akafunga jipya. Nilisogea nimsaidie. Akasema, "Acha." Alikijaza chombo kile upya, akatia kijiko cha dawa, akangoja, akachovya kijikaratasi, akakinyanyua mbele ya macho yangu mpaka rangi ikatulia. Akaibandika karatasi yake juu ya kifuniko, mahali pale pale. Akaondoka kwenda Koboko kukuzuru, na kutoka huko akarudi Kampala. Hakunibusu mkono. Tangu ajue kusimama hajawahi kuondoka nyumbani kwangu bila kunibusu mkono. Sikuunyoosha. Nilijua hauna haki.

Barua hii nimempelekea Habibu aipitie. Alitaka kubadilisha mahali pamoja tu. Pale nilipoandika kwamba nilijua amesema kweli, alitaka nifute, ili kuniheshimu. Nimemkataza.

Nami nimeendelea. Kila baada ya siku mbili natia kijiko. Nachovya kijikaratasi, natazama rangi. Kila juma naliosha chujio. Hakuna anayeoga humo. Majirani wameniuliza maji yale ni ya nani. Leo asubuhi, kabla ya kukaa kuandika, nilifunua kifuniko, nikapandisha mkono wa kanzu, nikatia mkono wangu mpaka kiwikoni. Nikakitafuta kiti chako cha pembeni, nikaupitisha ukutani mwake, taratibu, juu na chini, kama ulivyoniomba. Maji yalikuwa moto. Yananuka dawa.

Hayatelezi, Mama Rukia. Nimegusa.

Kwaheri kwa leo. Mwenyezi Mungu alifanye kaburi lako kuwa bustani katika bustani za Peponi, akupe sijida zote ulizozikosa, na anisamehe mimi niliyekuwa mchungaji wako nikakuchunga kwa ukurasa. Na nyinyi mnaosomewa haya, Mungu awape afya, azilinde nyumba zenu na waliomo, awatie barakani wazee wenu na mabinti zenu, na awajaalie kulisikia neno la mtu wa ndani mwenu siku ile ile anapolisema. Amin.

Mume wako, uliyemwita Mwalimu,
Baba Rukia
Arua